Nafasi Nyeupe kwenye Dirisha

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Gundi haikauki. Kila toleo la Dirisha ni vilevile: karatasi zinajikunja, Mulonda, mwandishi mwenzangu, analalamika, mimi namfokea kila mtu, mwishowe kazi inatoka.

Gazeti letu ni la ukutani. Tunachapa makala, tunayabandika kwenye karatasi kubwa, halafu karatasi zinakaa nyuma ya kioo pale kwenye valves, penye mbao za matangazo. Wanafunzi wote wa chuo hupita hapo kutafuta ratiba na pointi zao. Wakikosa pointi, wanatusoma sisi. Ufunguo wa kioo ninao mimi, rédactrice en chef, yaani mhariri mkuu. Nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Maman anasema nafanana na mlinzi wa depo.

Toleo linatoka Alhamisi. Katikati bado patupu. Mulonda ameahidi makala kesho na hataki kusema inahusu nini. Anatembea polepole kama mtu mwenye yai mfukoni.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeisoma. Ni nzuri. Nimeona wivu, bora niseme.

Inahusu ukuta ulio nyuma ya home ya wasichana, bweni la chuo pale kwenye mteremko. Ukuta unazuia udongo wa mlima usishuke. Ulijengwa mwaka jana. Directeur général, mkuu wa chuo, alikata utepe, tukapiga makofi, Dirisha likaweka picha kubwa. Picha niliipiga mimi. Sasa ukuta umepasuka. Mulonda amekwenda, amepima ufa kwa mkono wake, mkono umeingia. Amezungumza na wasichana wa vyumba vya nyuma. Ameuliza kwa nini mawe hayakufungwa kwa chuma. Mtoto wa Kamituga huyu, kwao watu wanashinda chini ya ardhi wakichimba dhahabu. Kwake udongo si kitu cha kuchezea.

Halafu mwisho wa makala ametaja kamati iliyosimamia ujenzi. Majina yote. La pili ni la Chef, mkuu wa idara yetu.

Chef ndiye aliyenisimamisha kwenye korido mwezi uliopita. Idara itahitaji assistante, msaidizi wa walimu, mwakani. Akasema: "Kaa vizuri, Ansima." Maneno hayo tu. Tangu hapo nimekuwa nikikaa vizuri hata nikiwa peke yangu chooni.

Nimemwambia Mulonda makala ni safi. Tumeibandika pamoja.

Jumatano, 9 Oktoba

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu kimeanza kupanga mambo kwa namna inayonipendeza.

Kabla toleo halijaingia nyuma ya kioo, rédactrice anapeleka karatasi kwa Papa Murhula. Yeye ni apparitaire, anayeshughulika na mambo ya wanafunzi. Anasoma, anagonga muhuri kila karatasi. Akikataa makala, tunaiondoa. Lakini wakubwa waliotutangulia walituachia desturi: pengo halijazwi. Linabaki jeupe. Kila anayepita anajua kwamba hapo palikuwa na kitu na apparitaire amekikataa. Ndiyo lugha yetu ya kulia bila kutoa sauti. Papa Murhula anaichukia desturi hiyo. Labda ndiyo sababu hakatai ovyo. Tangu nishike ufunguo sijaona pengo hata moja.

Leo nimefika kwenye korido yake na karatasi zangu. Nimesimama. Nimeibandua makala ya Mulonda. Gundi ilikuwa bado mbichi, ilitoka bila kupasuka. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya mfuko wangu. Kisha nikabisha hodi.

Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyenitisha. Niandike tena: hakuna.

Papa Murhula alivaa miwani yake, akasoma yote, hata utabiri wa mechi. Akaweka kidole pale katikati. "Na hapa, mama, kunabakia nini?"

"Foto itakuya, Papa. Ya match."

Akacheka. Akagonga muhuri. Akanituma nimsalimie Maman, kwani wote wawili ni wa Katana na wanajuana tangu utotoni.

Nilikuwa na nia ya kutafuta hiyo picha. Kweli kabisa. Nimeshuka Nyawera kwa mtu wa kuchapa, umeme ulikuwa umekatika. Nikarudi nyumbani. Nikala bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, kama mtu asiye na neno.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimebandika asubuhi na mapema. Pale katikati, peupe. Nilijiambia picha nitaiweka kesho. Kichwa chenye akili timamu kilisahau desturi yetu kwa muda ule tu niliohitaji kisahau.

Saa ya mapumziko watu wamejazana. Dirisha ambalo kwa kawaida wanalipita kama kaburi la mtu wasiyemjua! Hakuna aliyesoma utabiri wa mechi. Wote walikuwa wanatazama karatasi tupu.

Mulonda akafika. Akatazama. Uso wake ulijikaza. Akasema: "Murhula." Basi.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Neno moja lilitosha. Badala yake nikatazama chini. Akaniwekea mkono begani. "Pole, Rédac. Najua ulipigana."

Sikupigana na mtu. Nilipambana na gundi tu, na gundi yenyewe haikubisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Habari imekwishavaa nguo. Asubuhi: Papa Murhula alikataa makala. Mchana: aliichana mbele yangu. Jioni kwenye kituo cha taxi nimesikia kwamba alinitukana nikalia na kupiga magoti. Msichana aliyekuwa anaeleza hakujua kuwa mimi ndiye mwenye magoti hayo.

Papa Murhula wamempa jina jipya, Papa Tundu, kwa ajili ya lile pengo. Amepita uani, wasichana wa home wamekaza shingo, hawakumsalimia. Yeye amewasalimia. Amesubiri kidogo. Kisha amekwenda zake.

Najichukia. Lakini bado najipenda kuliko ninavyojichukia, vinginevyo ningekwishasema.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa. Papa Murhula alikuwa safu ya mbele yetu. Baada ya misa alimsalimia Maman kwa Mashi, lugha ya kwao, wakacheka kuhusu mtu fulani wa Katana aliyeuza ng'ombe mgonjwa. Maman akamwambia kwamba kazi ya Dirisha imenifanya kuwa mtu mzima. Akakubali kwa kichwa. Mimi nilikuwa nasoma viatu vyangu.

Kulikuwa na nafasi ya kuungama. Padri alikuwa amekaa, foleni fupi. Nimemwambia Maman kichwa kinaniuma tuondoke.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mulonda ameandika kwenye kioo. Kwa marker nyeusi, herufi kubwa kutoka kona hadi kona: MURHULA ANAOGOPA UKUTA. Chini ameweka jina lake kamili. Mtu mwingine angekimbia. Yeye amesaini.

Kabla ya mchana wameshamwita. Kamati ya nidhamu, Ijumaa. Kosa: kumtukana mkubwa na kumzushia uongo. Anaweza kufukuzwa mwaka mzima. Kazi yake ya mwisho ya masomo iko tayari, ameshapewa siku ya kuitetea mwezi ujao. Mama yake kule Kamituga ameshatangaza kanisani, kwaya inajiandaa.

Na kile anachoitiwa uongo, ni kweli kuwa ni uongo. Ila uongo ni wangu. Yeye ameuokota tu akidhani ni ukweli.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepita kwa Nabintu, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Analala chumba cha mwisho kabisa, nyuma. Mvua ikinyesha, mchanga unaingia dirishani. Amehamisha kitanda. Amehamisha na picha ya Bikira Maria, akacheka mwenyewe, kwamba hata Maria asiachwe chini ya ukuta.

Kisha akalia. "Kama huyu muzee angeacha tu ile article ipite, batu bangekuya kuona."

Nimemkumbatia. Mikono hii hii.

Mimi nalala mtaa wa Nguba, kwa Maman. Ukuta wetu ni mzima.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Nimepanda Kadutu hadi mlangoni kwa Mulonda. Nimesikia anapiga pasi huku anaimba. Nimerudi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mulonda amenitafuta. Anataka niwe shahidi wake kesho. Niseme tu kwamba nilimpelekea Papa Murhula makala naye akaikataa. "Hutaongeza kitu, Rédac. Sema tu kweli." Nimejibu ndiyo. Ndiyo yenyewe ilitoka laini sana.

Mchana, Chef kwenye korido. Amenipa mkono. Amesema amesikia kwamba Dirisha siku hizi linajua kuheshimu wakubwa, na kwamba mtu wa namna hiyo idara inamhitaji. Anaamini Papa Murhula ndiye aliyemkinga, nami nimekubali bila kelele. Nimemshukuru. Nikaenda chooni nikatapika chai.

Hicho ndicho nilichokitaka. Nimekipata. Kina ladha ya chai iliyorudi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Chumba cha mikutano. Meza ndefu, wakubwa upande mmoja. Mulonda na tai ya kuazima. Papa Murhula pembeni, miwani mkononi.

Wakamuuliza yeye kwanza. Alikataa makala ya ukuta?

"Hiyo article sijaionaka. Nilipewa karatasi, nikaweka cachet. Njo vile."

Wakatazamana. Bwana Secrétaire, katibu wa kamati, akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye sukari mdomoni anayekana kula sukari. Mulonda akacheka kwa sauti, wakamkemea. Hakuna aliyemwamini mzee yule. Hata wenzake.

Zamu yangu. Nilifikisha makala kwa apparitaire?

Nilimtazama Papa Murhula. Naye akanitazama. Hapo nikaona amekumbuka. Picha ya mechi. Kidole chake pale katikati. Alikwishajua, na hakusema. Alikuwa ananisubiri, kama alivyowasubiri wale wasichana uani wamwitikie.

Nikasema: "Nilipeleka karatasi zote."

Ukiitazama vizuri sentensi hiyo haina uongo. Karatasi nilizipeleka zote. Nilikuwa nimeiandaa tangu jana, ndiyo aibu yenyewe.

Uamuzi: Mulonda nje mwaka mzima. Utabandikwa kwenye valves Jumatatu. Papa Murhula ajieleze kwa maandishi kwa nini alificha hatari ya ukuta. Kwa pumzi moja nimewapiga wawili, nami nikatoka na heshima yangu.

Mulonda ameniambia aksanti mlangoni.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sikulala vizuri, na nilipoamka ilikuwa inanyesha. Ofisi ya apparitaire hufunguliwa Jumamosi hadi adhuhuri. Nimekwenda. Sikujua nitasema nini, nilijua tu kwamba nikikaa nyumbani Maman atanipa chai.

Nimemwambia yote. Korido, gundi, mfuko, picha ya uongo, Chef, nafasi ya assistante. Sikulia. Nilikuwa nimejiapiza kutolia, maana machozi yangemfanya anihurumie.

Alisikiliza hadi mwisho. Akanyoosha mkono. "Leta."

Makala ilikuwa bado ndani ya mfuko wangu. Nilikuwa nimezunguka nayo siku zote hizo. Ameisoma akiwa amesimama karibu na dirisha, polepole, akirudia mstari. Kisha amefungua droo, ametoa muhuri, ameupulizia, ameugonga. Pale pale, chini ya jina la Chef.

"Hii ningeiweka cachet tangu siku ya kwanza. Miye mwenyewe niliambia Directeur juu ya ule ukuta. Akanyamaza. Nilikuwa natafuta mutu wa kunisaidia kupiga makelele."

Sijawahi kupigwa hivyo. Na hakuinua sauti.

Akauliza nilikuwa naogopa nani. Nikamtajia Chef. Akauliza kama Chef alinikataza. Nikasema hapana. Alitikisa kichwa muda mrefu. Angenitukana ningepata nafuu.

Kisha akachukua mwavuli, tukapanda pamoja hadi home. Aliingiza mkono kwenye ufa kama Mulonda alivyofanya. Maji yalikuwa yanatoka humo. Hakungoja ruhusa ya mtu. Mchana ule ule wasichana wa vyumba vya nyuma wamehamia kwenye ukumbi wa mihadhara, na magodoro yao na masufuria. Nabintu alibeba Maria wake kwapani. Mimi nilibeba godoro lake. Bado hakujua lolote.

Papa Murhula aliniambia wakati wa kuagana: "Lundi utasema mbele yao. Miye umekwisha niambia." Lundi, yaani keshokutwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemwambia Maman. Ameacha kuchambua mchele. Hakunigombeza. Ameuliza tu: "Na Murhula alinisalimia vile, kanisani, na weye uko pale?" Ndiyo, Maman. Nilikuwepo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimesema. Chumba kile kile, meza ile ile. Safari hii sikuandaa sentensi. Nimesema niliibandua mwenyewe, hakuna aliyenituma, Papa Murhula hakuiona, Mulonda aliandika alichokiamini kwa sababu mimi nilimwacha akiamini.

Mulonda alikuwa amekaa karibu na mlango. Sikuweza kumtazama. Nilisikia kiti chake kikilia sakafuni, basi.

Wamemrudisha. Amepewa onyo kwa kuchafua kioo, na amri ya kukisafisha. Papa Murhula hana tena cha kujieleza. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimevuliwa Dirisha. Wanafunzi wenzangu wa gazeti wamekaa kidogo, wamempa Mulonda ufunguo. Nilipoivua ile kamba shingo ilihisi baridi.

Chef amepita nami korido moja. Alikuwa anakagua dari. Habari ya assistante imekwisha bila mtu kuitangaza.

Mchana Mulonda alikuwa anasugua kioo. Wino mweusi haukutaka kutoka. Nilikwenda na kitambaa changu cha kujifunika mvua. Alitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Acha."

Nikaacha. Lakini kabla sijageuka akasema, bila kunitazama, kwamba amekwenda kumwomba Papa Murhula msamaha, na mzee akamjibu kwamba yeye pia angeandika hivyo hivyo kama angekuwa kijana. Alikuwa ananieleza ili niumie. Nimeumia.

Jumanne, 22 Oktoba

Nabintu amejua. Hajaja kuniona, sijakwenda kumwona. Nimepika sombe, yale majani ya muhogo, nimeshindwa kula.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeandika maelezo kwa ajili ya Dirisha. Hakuna aliyenidai. Ukurasa mmoja. Nimempelekea Mulonda, amepokea kama anavyopokea karatasi ya mwanafunzi yeyote.

Nimefika nyumbani, nimeyarudia kichwani. Kuna sentensi moja mle. Ile inayosema kwamba niliificha makala kwa sababu nilitaka kuwa assistante. Mengine yote naweza kuyabeba. Woga watu wanauelewa. Lakini ile sentensi, wataisoma wataniona nilivyo, mtu aliyeuza kitanda cha rafiki yake kwa kiti ambacho hakuwa ameshapewa. Nimemtumia Mulonda ujumbe. Pole kwa usumbufu, tafadhali ondoa ile sentensi moja ya assistante, hata bila hiyo maelezo hayabadiliki.

Amejibu haraka. "Dirisha haitakata tena neno la mutu."

Nimeweka simu chini ya mto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Hakuna mvua leo. Ziwa linaonekana hadi ng'ambo.

Nimefika kwenye valves mapema, nikakuta nimechelewa, watu wameshakusanyika. Makala ya Mulonda iko katikati, pale palipokuwa peupe, na majina yote. Wafanyakazi wamepeleka miti ya kuegemeza ukuta, nimeiona nikipanda kuja chuoni. Kulia kwa makala ni maelezo yangu. Yote. Hata kosa langu la herufi hakuligusa.

Wamenipisha. Sijui kama ni heshima au ni kutotaka kugusana. Nabintu alikuwa mbele anasoma, mgongo wake kwangu. Alipofika mwisho hakugeuka. Lakini hakuondoka pia, alisogea kidogo tu, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kando yake.

Nikasimama hapo. Ile sentensi ilikuwa mstari wa mwisho, na muhuri wa Papa Murhula umegongwa chini yake, umenyooka, wino haujakauka vizuri. Nimeisoma kama watu wengine wanavyosoma, kwa midomo. Kisha kengele ikalia tukaenda darasani.